Namba 35: historia ya kukata ramani kubwa vipande, na watu walioangukia kwenye mkato

GOMA – Yeyote aliyefungua ramani kwenye telefone huku rezo ikiwa dhaifu amekwisha kuliona jambo hili. Ramani haiji yote kwa mara moja. Unakuja mraba mmoja wenye barabara na nyumba, unafuata wa pili, halafu katikati unabaki mraba wa kijivu usio na kitu. Mtu anayetafuta njia ya kwenda Sake anaona Mugunga, anaona ziwa, lakini kati yake pamebaki patupu. Anangoja. Mega zinaisha, na mraba haujaja.

Jioni ya jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka, mraba kama huo haukuwa jambo dogo. Lava ilishuka upande wa Buhene, watu wakakimbia na magodoro na watoto, wengine kuelekea Sake, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, ikatoka amri ya kuhamisha watu wa sehemu kubwa ya mji. Katika siku hizo watu walitaka kujua jambo moja: lava imefika wapi? Jibu lilikuwa kwenye picha za setilaiti, na kila picha iliyoletwa ilikuwa imekatwa vipande kabla ya mtu yeyote kuiona.

Watu wengi hudhani miraba hiyo ni ugonjwa wa telefone au hila za kampuni za mega. Sivyo. Ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na historia hiyo imepita Ulaya, Kenya, Kanada, angani, na mwishoni ikafika Kivu.

Karatasi na meza

Kukata ramani kulianza kabla ya kompyuta, na sababu ya kwanza ilikuwa karatasi. Karatasi ina ukubwa wake, meza ya mchoraji vilevile, na mashini ya kupiga chapa haimezi kitu kinachozidi mdomo wake. Mwaka 1891, katika mkutano wa wanajiografia huko Bern, Uswisi, Mjerumani Albrecht Penck alitoa pendekezo kwamba dunia yote ichorwe kwa kipimo kimoja: sentimita moja juu ya karatasi iwe kilomita 10 juu ya ardhi. Serikali zilibishana miaka mingi. Mkutano wa London wa mwaka 1909 na ule wa Paris wa mwaka 1913 ndiyo iliyopanga kanuni: kila karatasi ichukue digrii 4 kutoka kusini hadi kaskazini, na digrii 6 kutoka magharibi hadi mashariki.

Ukiizunguka dunia kwa hatua za digrii 6 unapata safu 60. Zinahesabiwa kuanzia katikati ya bahari ya Pasifiki kwenda mashariki. Kwa hesabu hiyo Kinshasa iliangukia safu ya 33, Mbandaka safu ya 34, Goma, Bukavu na Lubumbashi safu ya 35, na Bunia, ambayo imepita kidogo digrii 30, ikaangukia safu ya 36. Hakuna mtu wa Kongo aliyeulizwa. Lakini namba hiyo 35 iliyowekwa juu ya Goma zaidi ya miaka mia iliyopita bado iko, na itarudi mbele katika habari hii.

Wabelgiji walipochora Kongo walikata vidogo zaidi, digrii moja kwa digrii moja. Karibu na ikweta mraba kama huo una kilomita zipatazo 111 kila upande. Ramani za mawe na madini zilifuata mtindo huo, na si kila mraba ulipewa bidii ileile. Katanga yenye shaba ilikuwa na idara yake ya ramani chini ya Comité Spécial du Katanga. Mraba wenye madini ulipata mchoraji haraka. Mraba wenye msitu na mito tu ulingoja.

Kazi iliyoshindikana Kenya

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya picha za ndege mjini Ottawa, Kanada, iliombwa kutafuta ardhi nchini Kenya inayofaa kupandwa miti ya kiwanda cha karatasi. Mtaalamu wake aliitwa Roger Tomlinson. Ilibidi kuweka ramani moja juu ya nyingine: ramani ya miteremko, ya mvua, ya udongo, ya barabara, halafu kutafuta mahali panapokubaliana na zote. Alipopiga hesabu ya watu wa kuifanya kwa mkono, gharama ilikuwa kubwa mno na kazi ikaachwa. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza kama kompyuta ingeweza kuifanya.

Serikali ya Kanada ikampa nafasi ya kujaribu kwa nchi yake nzima. Shida ilijitokeza mara moja. Kanada ni kubwa, na kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule ilikuwa ndogo kuliko ya telefone ya bei rahisi inayouzwa leo sokoni Virunga. Ramani nzima isingeingia. Ikabidi kufanya kile anachofanya mwenye chukudu anapokuta mzigo usiobebeka: kuugawa, kuupeleka safari kwa safari, na kuupanga upya huko mwisho wa njia.

Lakini kugawa ni nusu ya kazi. Vipande vilihifadhiwa kwenye mikanda ya sumaku, kama ile ya kaseti. Wazee waliosikiliza muziki wa kaseti wanakumbuka: ukitaka wimbo ulio mwishoni, lazima uzungushe mkanda wote. Kama kipande cha jirani kiko upande wa pili wa mkanda, kompyuta inapoteza wakati ikizungusha tu. Mwaka 1966 Guy Morton, aliyefanya kazi IBM, aliandika njia ya kupanga vipande kwa kufuata umbo la herufi Z: vinne vya karibu vikae pamoja, halafu vinne vingine, halafu makundi manne hayo yawe kundi kubwa, na kuendelea hivyo. Walio majirani ardhini wakawa, mara nyingi, majirani kwenye mkanda pia. Mpango wa Morton bado unatumika leo ndani ya mashini nyingi zinazohifadhi ramani, ingawa mikanda yenyewe imekwisha kusahaulika.

Picha kutoka juu

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya familia ya Landsat. Setilaiti hupiga picha ya ukanda mrefu usiokatika, kama mtu anayekunjua kitambaa kutoka kaskazini hadi kusini. Ukanda huo hauna mwanzo wala mwisho unaomfaa mtu, kwa hiyo ulikatwa vipande vya kilomita 185 hivi kwa upana, kila kimoja kikapewa namba ya njia na namba ya mstari. Kwa hesabu inayotumika tangu Landsat ya nne ya mwaka 1982, Goma na milima ya Virunga zimo katika njia ya 173, mstari wa 61. Mstari wa 60 ndio ulio juu ya ikweta.

Kipande hicho kiliuzwa. Katika miaka ya 1980, biashara ya picha ilipowekwa mikononi mwa kampuni binafsi, bei ya kipande kimoja ilipanda kupita dola 4,000. Mtu wa Kivu angelipa na nini? Hadi mwaka 2008, Marekani ilipofungua ghala lote bila malipo, historia ya misitu na mashamba ya sehemu hizi ilikaa ndani ya sanduku ambalo wenyewe wasingeweza kulifungua. Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, OSFAC ya Kinshasa pamoja na vyuo vikuu vya Marekani walitoa atlasi ya misitu ya Kongo iitwayo FACET, iliyoshonwa kwa maelfu ya vipande vya Landsat. Kushona ndilo neno lake hasa, kwa sababu mawingu ya Kongo hayaachi kipande kimoja kikiwa safi. Lazima kuchukua kiraka cha tarehe hii na kiraka cha tarehe ile.

Mraba wa mlima

Kuna kipande kimoja ambacho watu wa Goma wangestahili kukijua kwa jina. Kinaitwa S02E029.

Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipaa angani kikiwa na rada mbili, moja ndani yake na nyingine kwenye mwisho wa mkono wa chuma wenye urefu wa mita 60. Kwa siku 11 kilipima urefu wa ardhi, mlima na bonde, karibu dunia yote inayokaliwa na watu. Rada hupita mawingu, na kwa milima ya Kivu hilo lilikuwa jambo kubwa. Matokeo yake yalikatwa kwa miraba ya digrii moja, ileile ya enzi za Wabelgiji, na kila mraba ukapewa jina la pembe yake ya chini upande wa kushoto. S02E029 maana yake ni kwamba pembe hiyo iko digrii 2 kusini na digrii 29 mashariki.

Kwa bahati, mdomo wa Nyiragongo na mji wa Goma viko ndani ya mraba mmoja. Bahati hiyo ina faida, kwa sababu lava hufuata mteremko, na kompyuta inayokadiria njia ya lava inahitaji kuujua mteremko wote kutoka mdomo hadi ziwani bila kukatwa. Mji mwingine ungekatwa katikati. Sake nayo imeponea chupuchupu: mstari wa digrii 29 unapita magharibi yake kidogo tu. Masisi centre iko ng'ambo, katika S02E028. Bukavu iko mbali zaidi, katika S03E028. Ziwa Kivu lenyewe limepasuliwa. Hakuna mraba hata mmoja wenye ziwa zima, na anayetaka kulipima lazima ashone.

Wenye kutengeneza vipande hivyo walijua shida ya kushona. Mraba uliotolewa kwanza kwa ajili ya Afrika ulikuwa na nukta 1,200 kila upande, nukta moja ikiwa na mita 90 hivi. Uliotolewa mwaka 2014 ulikuwa na nukta 3,600, kila moja mita 30. Lakini ukifungua faili unakuta si 1,200 wala 3,600. Unakuta 1,201 na 3,601. Ile moja ya ziada ni mstari wa mpakani, ambao umeandikwa katika mraba huu na pia katika mraba wa jirani. Ni kama majirani wawili wenye ukuta mmoja: kila mmoja anauhesabu kuwa wake, na nyumba zinashikana bila ufa. Fundi asiyejua jambo hili akivipanga vipande kama karo za sakafuni, kila mpaka unapata mstari uliorudiwa mara mbili, na mto unaovuka hapo unaruka hatua moja.

Jambo jingine la kukumbuka kuhusu S02E029 ni tarehe yake. Vipimo ni vya Februari 2000. Lava iliyokatiza katikati ya Goma na kuingia ziwani ilishuka tarehe 17 Januari 2002. Kwa hiyo mraba huo unaonyesha ardhi ya Goma kabla ya lava hiyo, mji ambao sehemu yake iko sasa chini ya mawe meusi. Aliyekadiria njia ya lava kwa kutumia vipimo hivyo peke yake alikuwa akiimwaga juu ya mji wa zamani.

Butembo, Lubero na jina linalodanganya

Upande wa kaskazini wa jimbo hakukuwa na bahati. Ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo, na ikweta ni mkato wa mifumo mingi iliyotajwa hadi sasa. Lubero iko S01E029. Butembo na Beni ziko N00E029.

Mwaka 2013 chuo kikuu cha Maryland, kikiongozwa na Matthew Hansen, kilitoa ramani ya misitu ya dunia yote iliyotengenezwa kutokana na picha zaidi ya 650,000 za Landsat. Kwa kompyuta moja kazi hiyo isingewezekana. Ilifanywa kwenye mashini nyingi za Google kwa pamoja, kila moja ikila kipande chake. Matokeo yalitolewa kwa miraba mikubwa ya digrii 10. Ila safari hii jina la mraba ni la pembe ya juu, upande wa kushoto. Matokeo yake ni haya: faili lenye jina 00N_020E halina Butembo. Lina Lubero, lina Goma, lina kila kitu kuanzia ikweta hadi digrii 10 kusini, kati ya digrii 20 na 30 mashariki. Butembo na Beni ziko katika 10N_020E, na Bunia katika 10N_030E. Anayetoka kwenye vipimo vya urefu, ambako N00 ni kaskazini, akachukua 00N kwa ajili ya msitu, ameweka miti ya upande mmoja juu ya milima ya upande mwingine, na kompyuta haitamwambia kitu. Itachora tu.

Hilo lingekuwa la kuchekesha kama mambo yote yangekuwa misitu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, katika teritware ya Beni. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa ulishuka kutoka Beni hadi Butembo, kisha teritware ya Lubero, ukavuka ikweta bila kujua kwamba kuna mkato. Wenye kufuatilia wagonjwa walihitaji ramani ya vijiji vya pande zote mbili ikiwa moja.

Watu wakawa mashini

Februari 2005 Google ilifungua ramani yake, na hapo ndipo mraba ulipoingia kwa watu wa kawaida. Kila mraba una pikseli 256 kwa 256. Dunia nzima ni mraba mmoja. Ukisogea karibu hatua moja inakuwa minne, hatua nyingine kumi na sita, kila mara mara nne. Kwenye hatua ya 18 miraba imefika zaidi ya bilioni 68, na kila mmoja hapa kwetu karibu na ikweta una mita 153 hivi kwa upana, karibu urefu wa avenyu fupi. Telefone haiombi dunia. Inaomba vichache tu vinavyojaza kioo. Ndiyo maana kile cha kijivu kikikosa kufika, vingine vinaendelea kuja bila kukingoja.

Ramani ya kampuni huchorwa kwanza pale penye wanunuzi, kama ilivyokuwa kwa shaba. Sehemu zilizobaki tupu zilijazwa na watu wengine. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, humruhusu mtu yeyote kuchora. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, waliojitolea walikuwa wengi kiasi kwamba waligongana: watano wanachora barabara moja, na kijiji cha pili hakina hata mmoja. Likabuniwa jibu lilelile la zamani. Eneo lote likakatwa miraba. Mtu anachukua mmoja, unafungwa kwa jina lake, anachora kila nyumba anayoiona kwenye picha, anaufungua ukiwa umekwisha, na mwingine anakuja kuukagua. Safari hii mashini inayokula vipande ilikuwa watu wenyewe. Mwaka 2014 mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Uingereza na Marekani, pamoja na Médecins Sans Frontières, walianzisha Missing Maps kwa njia hiyo, na Lubumbashi ikawa kati ya miji ya kwanza kuchorwa. Wakati wa Ebola, Beni na Butembo zikafuata.

Hapa mkato unaonekana kwa macho. Nyumba iliyo juu ya mstari ina mchoraji wawili au haina yeyote. Wa kushoto anasema, hiyo ni ya mwenzangu wa kulia. Wa kulia anasema vilevile. Waliozoea kazi hii huambiwa kuvuka mstari kidogo na kumaliza nyumba waliyoianza, wala wasiiache nusu.

35MQU

Sasa namba 35 inarudi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-2 ilirushwa tarehe 23 Juni 2015, na ya pili yake tarehe 7 Machi 2017. Inapiga ukanda wa kilomita 290, nukta zake bora zikiwa za mita 10. Kwa nchi kubwa kama Kongo, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, nukta hizo zinazidi bilioni 23 kwa rangi moja tu. Mwanzoni picha ziligawiwa kwa mafungu mazito ya giga nyingi. Mtu mwenye rezo ya Goma angelala usiku tatu akingoja fungu moja, na umeme ukikatika anaanza upya. Tangu Septemba 2016 fungu likavunjwa, kila kipande kikatolewa peke yake.

Vipande hivyo ni vya kilomita 100, na majina yake yanafuata safu zilezile 60 za zamani. Kipande chenye Goma kinaitwa 35MQU. Ndani yake mna Goma, Sake, Minova, Rutshuru na milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kalehe iko nje, kusini. Bunia haiwezi hata kuwekwa kando yake kirahisi, maana safu ya 36 hupimwa kwa mstari wake wa katikati. Vipande vya pande mbili za digrii 30 vimeinamiana kidogo, na kuvishona ni lazima kimoja kikunjwe kifuate kingine.

Waulaya nao walijua habari ya mpaka. Kipande chao hakiishii kilomita 100. Kinaendelea hadi 109.8, kikimpanda jirani kwa kilomita kama 10. Masisi centre iko ndani ya ukanda huo wa kupandiana. Inaonekana katika 35MQU na pia katika 35MPU. Kwa anayetazama, ni vizuri, kwa sababu hakuna nyumba iliyopotea. Kwa anayehesabu, ni mtego. Shamba lililochomwa pale Masisi litakuwa mashamba mawili kama hakuna aliyekumbuka kuondoa lililorudiwa.

Mei 2021 mawingu na moshi vilifunika 35MQU, na kazi kubwa ikafanywa na ndugu yake wa rada, Sentinel-1, ambaye haogopi wingu. Picha zake mbili, ya kabla na ya baada, zilipolinganishwa, zilionyesha kwamba ardhi ilikuwa imesogea kwa mstari mrefu kutoka mlimani, chini ya mji, hadi ziwani. Hofu iliyowafanya viongozi kuhamisha watu ilikuwa hiyo: moto kupita chini. Rada nayo hukata ukanda wake katika vipande virefu vitatu, na visipounganishwa vizuri kabisa, kiungo chenyewe huonekana kama ufa wa ardhi. Mtaalamu lazima ajue ni ufa upi umeletwa na mlima na upi umeletwa na mkasi.

Hema lililo kwenye mstari

Katika miaka ya 2023 na 2024 kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilijaa kando ya Goma. Kwa picha kali zaidi, zenye nukta ya nusu mita, hema la mita 4 kwa 5 ni nukta 8 kwa 10. Programu za kuhesabu mahema hazitazami kambi nzima. Hulishwa kipande kimoja kimoja, mara nyingi cha pikseli 256, yaani mita 128 za ardhi. Hema lililo katikati ya kipande linahesabiwa sawasawa. Hema lililo juu ya mkato lina nusu huku na nusu kule. Programu inaweza kuliona kama mahema mawili madogo, au ikadhani ni vitambaa na kuliacha.

Dawa yake ni ileile ya tangu mwanzo: kipande kikatwe kwa kuzidisha pembeni, kila jirani ampande mwenzake kwa upana unaopita hema moja, halafu yanayorudiwa yafutwe kwa kutazama mahali yalipo. Inaongeza kazi, kwa sababu nukta za pembeni zinasomwa mara mbili. Anayetaka kumaliza haraka huiruka. Hesabu ya angani peke yake haigawi unga wala maharagwe. Majina huandikwa chini, uso kwa uso. Lakini namba inayotoka juu ndiyo hutangulia kwenye meza za wenye kupanga, na familia iliyo kwenye mstari haijui kamwe kwamba iliwekwa kwenye mstari.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi hizo ziliondolewa. Katika 35MQU, ambapo nukta ya mita 10 haiwezi kuonyesha hema moja, kambi ilionekana kama doa jeupe juu ya mawe meusi, na doa hilo halipo tena katika picha za baadaye. Kipande hupigwa upya kila siku 5, mawingu yakiruhusu, na cha zamani hakifutwi. Anayeomba 35MQU ya mwaka 2024 anapewa bila malipo, na Bulengo bado iko pale, kati ya ziwa na barabara ya Sake.